Valizi ya mwanamke anayetoka Lubumbashi kwenda likizo nje: tuipange kwa mwezi na kwa mji (uzi mrefu)

Yaya wa Kamalondo (mwenye uzi)

Jambo yenu, bamama na badada.

Juzi usiku jirani yangu alinigongea akiburuta valizi. Anasafiri tarehe 14 Desemba kwenda Brussels kwa dada yake, wiki tatu, na hajawahi kuvuka mpaka mbali kuliko Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia. Alitaka nimsaidie kufunga zipu tu, maana ilikuwa imegoma. Tukaiweka valizi juu ya kitanda, tukaifungua. Libaya nane, zile blauzi za kitenge, kila moja na kikwembe chake cha kujifunga. Viatu vya visigino jozi nne. Ndara. Suruali moja ya jinzi. Triko (sweta) moja jepesi, lile la kuvaa asubuhi za Julai hapa kwetu. Soksi hakuna hata jozi moja. Nikamuuliza, "Mama, na baridi je?" Akasema, "Si ni baridi kama hii yetu ya Julai? Tumeizoea."

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu miaka sita iliyopita na mimi ningejibu hivyohivyo. Ndiyo maana nimefungua uzi huu, na naomba kila aliyesafiri aongeze alichojifunza. Wengi wetu tunapanga valizi kwa kufuata jina la nchi: Ulaya baridi, Afrika joto, Dubai jua. Jina la nchi halikuambii kitu. Uliza mwezi, uliza mji, uliza na nyumba utakayolala ikoje.

Tuanze na hapa tulipo. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta. Baridi yetu ni Juni na Julai, na miezi hiyohiyo Ulaya wako kwenye joto lao. Desemba na Januari sisi tuko kwenye mvua, mgongo umelowa jasho, wao wako katikati ya baridi. Kwa hiyo ukienda kaskazini, geuza kalenda. Ukienda kusini, Johannesburg au Cape Town, kalenda ni ileile yetu, ila baridi yao inauma zaidi.

Hiyo ya kusini ndiyo iliyonikuta mimi. Ilikuwa Julai, nikaenda Johannesburg siku kumi. Nilijiambia ni Afrika, ni karibu, nikabeba magauni mepesi na sandali za kupendeza. Johannesburg iko juu, kama mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimo kinaweza kushuka karibu na sifuri. Mchana jua linawaka, unajisikia uko nyumbani. Likizama tu, baridi inapanda kutoka chini. Na nyumba nyingi kule hazina vyuma vya kupasha joto kama vya Ulaya. Chumba changu kilikuwa na sakafu ya vigae. Usiku wa kwanza nililala na suruali mbili na taulo nimejifunga kichwani. Asubuhi midomo ilikuwa imepasuka hadi damu, kwa sababu hewa ya kule miezi hiyo ni kavu mno. Nikatoka kununua soksi nene, pijama ya flaneli, mafuta ya midomo na triko la sufu. Pesa niliyokuwa nimemtengea mama yangu ya viatu iliishia hapo. Hilo la viatu vya mama linaniuma mpaka leo.

Sasa nirudi kwa jirani yangu na Desemba yake.

Julai yetu, alfajiri inaweza kufika digrii 7 au 8, lakini ikifika saa nne asubuhi jua limeshakupasha. Brussels Desemba, mchana wenyewe ni kama digrii 5 au 6, na hakuna saa nne ya kukuokoa. Jua linachomoza karibu saa tatu kasoro asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Mvua yake si kama ya hapa inayomwaga nusu saa kisha kukatika. Ni ya kunyunyiza siku nzima, na upepo unageuza mwavuli.

Lakini ndani ya nyumba, ndani ya treni, ndani ya duka, kumepashwa joto hadi digrii 20 na zaidi. Hapo ndipo bamama wengi wanapokosea mara ya pili. Wanavaa nguo moja nzito sana, wakiingia ndani wanatoka jasho, wakitoka nje jasho linageuka barafu mgongoni. Vaa tabaka. La kwanza ni nyembamba na linabana mwili: fulana ya mikono mirefu, na kolan, zile soksi za kupanda hadi kiunoni. La pili ni triko la sufu. La tatu ni koti lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia yake na urefu wa kufunika makalio. Ukiingia ndani unavua moja au mawili, ukitoka unayarudisha. Kinachokupasha ni ile hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Pamba ikilowa jasho haikauki haraka na inakupoza, kwa hiyo fulana ya ndani ikiwa ya sufu laini au ya kitambaa cha michezo ni bora zaidi. Na kikwembe ni pamba, tukubali: kinapendeza, hakipashi.

Baridi inaanzia miguuni. Hili nitalirudia hadi mchoke. Viatu vifunike kifundo cha mguu, soli iwe nene na yenye meno, na ndani pabaki nafasi ya vidole kucheza ukiwa umevaa soksi nene. Kiatu kinachobana kinazuia damu, na mguu unapoa hata kama soksi ni ya sufu. Vijaribu hapa na soksi zenyewe, utembee navyo wiki mbili kabla ya safari. Kiatu kipya kabisa usikipeleke likizo.

Kwa wiki tatu nilimpangia jirani hivi: suruali mbili nzito, sketi moja ndefu ya kitambaa kizito, fulana za ndani nne, triko mbili, kolan nne, soksi nene jozi tano, chupi kumi, sutien (sidiria) tatu, pijama ya joto, kofia ya kufunika masikio, glavu, skafu kubwa, viatu vya kutembea jozi moja na vya kanisani jozi moja. Dada yake ana mashine ya kufulia. Huhitaji nguo ya kila siku ya likizo.

Koti je? Nimemwambia asinunue. Amwombe dada yake aje nalo uwanja wa ndege amkabidhi pale mlangoni. Kila anayeishi kule ana koti la pili kabatini.

Fundi wa Katuba

Aksanti, yaya. Nashona nguo, nami niongeze la kwangu.

Asiye na ndugu kule wa kumletea koti, akanunue soko la mtaa wetu wa Kenya, kwenye mitumba, lakini asingoje Juni. Juni kila mtu anatafuta koti, bei inapanda. Nenda Oktoba, jua kali, wauzaji wanataka nafasi, koti zuri la sufu utalipata kwa bei ya blauzi. Ligeuze ndani nje. Angalia bitana kwapani, hapo ndipo panapochanika kwanza. Vuta zipu juu chini mara tano. Liinue uelekeze kwenye jua: ukiona vitobo vidogovidogo kama vya sindano, nondo wameshalila, liache. Vifungo nitakubadilishia, kola nitakugeuzia, ila nguo iliyoliwa na nondo hakuna fundi wa kuitibu.

La pili. Kabla hujasafiri, leta shimizi lako nikushonee mfuko ndani, upande wa nyonga, upana wa kiganja, na zipu. Pasiporti inaingia, na dola za akiba. Nimewashonea bamama wengi wanaokwenda Lusaka na Dar kwa biashara, na walala kwenye basi bila kushika mkoba kifuani.

Binti Kampemba

Yaya, mimi niko tofauti kidogo. Mbona bikwembe vinatupwa nje? Mimi nilikwenda Ubelgiji Desemba, mwaka mpya tukaenda misa ya Wakongo, wamama wote wamevaa maputa, yaani bikwembe vyao, wanang'aa, mimi peke yangu kwenye jinzi. Niliona aibu sana.

Yaya wa Kamalondo

Dada, una haki, nilikimbia mno. Jirani nimemwachia seti mbili kamili. Kikwembe kinaenda, ila kinahitaji kusaidiwa: chini ya kikwembe kolan nene, chini ya libaya ile fulana ya mikono mirefu yenye shingo pana isionekane, na juu koti hadi mlango wa kanisa. Viatu vya kupendeza vibebwe kwenye mfuko, ubadilishe ukifika. Wamama wanaoishi kule wanafanya hivyohivyo, utawaona wamekaa kwenye ngazi wakibadilisha viatu.

Na kikwembe kimoja cha ziada kisichoshonwa lazima kiwemo kwenye mkoba wa mkononi. Ndani ya ndege ni shuka. Ukifika ni taulo. Ukilala kwa wenyeji ni vazi la kutokea chumbani kwa heshima. Hakuna nguo nyingine yenye kazi nyingi kama hiyo kwa uzito wa gramu chache.

Mama Luano

Jambo wote. Tafadhali ongeeni juu ya Julai na Agosti Ulaya, watoto wakifunga shule. Tunakwenda na binti zangu wawili, Paris na Brussels.

Yaya wa Kamalondo

Mama, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Magauni mepesi, suruali ya kitambaa, viatu vya kutembea vilivyofungwa, sandali jozi moja. Siku nyingi ni digrii 20 hadi 25, nyingine zinapita 30, na nyumba nyingi kule hazina mashine ya baridi, kwa hiyo nguo ya kulalia iwe nyepesi. Beba koti la mvua jembamba kila mtu, na triko moja la jioni. Jua linazama karibu saa nne usiku, msishangae watoto wakikataa kulala.

Ila angalia asubuhi ya kuondoka. Mnatoka nyumbani Julai alfajiri, Lubumbashi kuna baridi, na kwenye ndege pia kuna baridi. Triko hilo livaliwe mwilini, lisiwekwe kwenye valizi.

Aprili na Oktoba kwa kifupi: Aprili utapata jua, mvua na mvua ya mawe siku moja, Oktoba kunazidi kupoa kila wiki. Tabaka zilezile, koti la mvua, kofia. Sina zaidi.

Mama Luano

Aksanti sana mama. Na nilisikia kanisani Roma wanawarudisha watu mlangoni?

Mwana wa Parokia

Nijibu hilo, mama. Basilika ya Mtakatifu Petro, mabega na magoti yafunikwe, wanawake kwa wanaume. Agosti kule joto ni kali, utatamani gauni la mikanda, basi beba skafu pana ya kujifunika unapoingia. Kwenye foleni utasimama juani muda mrefu, kofia na maji.

Mimi nilikwenda na kikundi cha hija Lourdes, Ufaransa. Bamama wengi waliofika walijiandaa kwa sala, wakasahau kuwa mji uko chini ya milima ya Pyrenees na mvua inanyesha hata katika joto. Maandamano ya mishumaa ni usiku, mnasimama kwenye lami iliyolowa. Walioumia ni waliovaa sandali za kisigino. Beba viatu vya soli nene na koti la mvua. Na chupa za maji ya Lourdes za kurudi nazo ziende kwenye valizi kubwa, mkononi hazipiti, kwani kimiminika cha mkononi kwa kawaida hakizidi mililita 100 kwa chupa.

Rozi wa Golf

Mimi ni Dubai, Agosti. Shemeji yangu ananicheka nikisema nabeba triko.

Yaya wa Kamalondo

Beba triko, dada, una akili. Nje Agosti inapita digrii 40, na unyevu wa bahari juu yake. Ndani ya maduka, metro na teksi mashine ya baridi inapuliza mpaka masikio yanauma. Unapita kutoka kwenye tanuru kwenda kwenye friji mara kumi kwa siku, na wengi wanarudi Lubumbashi na mafua kwa sababu hiyo. Nguo za pamba au kitani, pana, zisibane. Mabega na magoti yafunikwe unapokwenda madukani na sehemu za umma. Skafu kwenye mkoba kwa ajili ya baridi ya ndani na kwa kichwa ukitaka kuingia msikitini. Ukienda Januari mambo ni mengine kabisa: mchana ni wa kupendeza, usiku unahitaji koti jepesi.

Na dawa! Muungano wa Falme za Kiarabu wana sheria kali. Dawa zenye kodeini au tramadoli usiingize bila kibali na cheti cha daktari. Hata ile sharubati ya kikohozi iliyobaki nyumbani, soma karatasi yake kwanza.

Muuguzi wa Kenya (mtaa wa Kenya, jamani, si nchi)

Hapo kwenye dawa umenigusa. Niruhusuni niseme mambo ya mwili, maana nyuzi za valizi huishia kwenye nguo.

Pedi. Beba zile ulizozoea, za mzunguko mmoja kamili, hata kama tarehe yako haijafika. Safari ndefu, mabadiliko ya saa na uchovu vinaweza kuisogeza. Pedi nne na chupi mbili ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Dada mmoja alinisimulia alivyokaa saa saba uwanja wa ndege akingoja ndege ya pili, duka limefungwa, valizi imeshaingia tumboni mwa ndege. Alijifunga skafu ya mama yake.

Miguu. Ukikaa kwenye kiti saa nane miguu inavimba. Vaa viatu vya kulegea, simama kila baada ya saa moja au mbili, zungusha vifundo, kunywa maji. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni, aliyejifungua karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi au mwenye mimba, amwone daktari kabla, anaweza kushauriwa soksi maalumu za kubana. Mwenye mimba aulize pia shirika lake: mengi yanataka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na mengi hayabebi baada ya wiki ya 36.

Dawa zako za kila siku, za presha, sukari, pumu, zikae mkononi, kwenye paketi zake, pamoja na karatasi ya daktari. Zizidi siku za safari kwa wiki moja hivi.

Malaria. Nawaomba mlishike hili. Ukiwa Ulaya au Uchina, hata wiki ya tatu, ukapata homa, usiseme ni baridi ya huku. Nenda hospitali na useme sentensi hii mwanzoni: "Natoka Kongo, eneo lenye malaria." Daktari wa kule anaweza kudhani ni mafua. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae na pasiporti, utaihitaji ukirudi.

Saluni ya Bel-Air

Na kichwa! Msisuke siku moja kabla ya safari. Msuko mpya unavuta ngozi, na ndani ya ndege hutalala. Suka siku nne au tano kabla. Kwa baridi ya Ulaya au ya Johannesburg, tatizo la nywele zetu ni ukavu: kofia ya sufu inanyonya mafuta na kukata nywele za pembeni, hasa hapa kwenye paji. Nenda kwa fundi wa Katuba hapo juu akushonee bitana ya satini ndani ya kofia. Dakika kumi kazi imeisha. Beba karite, yale mafuta ya shea, kwenye kopo dogo. Usiku paka ncha, funga skafu ya satini.

Kwa wanaokwenda baharini, Zanzibar au Mombasa, misuko ikilowa maji ya chumvi isuuze kwa maji baridi siku hiyohiyo na uikaushe hadi shinani. Ikibaki na unyevu itanuka.

Jambo moja kwa upole. Krimu za kung'arisha ngozi acheni nyumbani. Afrika Kusini, Rwanda na Tanzania wamezipiga marufuku zile zenye haidrokwinoni. Na ngozi iliyochubuliwa ikipigwa jua la bahari au upepo wa baridi inaungua vibaya, nimeziona zikirudi hapa saluni.

Mama Ruashi

Sisi tunakwenda karibu tu, Livingstone, Pasaka, kwa gari. Tutaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Kuna cha kujiandaa kweli?

Yaya wa Kamalondo

Kipo, mama, na ninaipenda safari hiyo. Machi, Aprili na Mei maji ni mengi sana, mvuke wake unanyesha kutoka chini kwenda juu. Utalowa hadi chupi, hakuna mwavuli utakaosaidia. Vaa nguo inayokauka haraka, isiyo nyeupe kwa sababu ikilowa inaonyesha kila kitu, na viatu vyenye mikanda ya kushika nyuma, njia inateleza. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Acha nguo kavu garini, za kila mtoto. Kama mngekwenda Juni au Julai, usiku na alfajiri kuna baridi, hasa kwa anayetaka kutoka mapema kuona wanyama kwenye gari la wazi: koti na bulangeti. Na Oktoba ni joto la kuchosha, na upande wa Zambia maji yanakuwa yamepungua sana, jiwe linaonekana.

La kushika kabla ya Kasumbalesa: nguo yoyote ya mabakamabaka ya kijeshi itoeni. Suruali ya mtoto, kofia, hata mkoba. Zambia ni kosa kwa raia kuvaa hizo.

Safari ya Dar

Kwa wanaokwenda Tanzania na Kenya: tumezoea kufunga kila kitu kwa sasheti, mifuko ya plastiki, viatu sasheti, mafuta sasheti. Kenya wamepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, Tanzania bara tangu Juni 2019, na Rwanda mapema zaidi. Funga viatu kwa mifuko ya kitambaa. Mimi nilishonewa na vipande vya vikwembe vilivyobaki, kila kiatu mfuko wake, na valizi ikifunguliwa inapendeza.

Zanzibar, ufukweni vaa unachotaka, lakini ukiingia Mji Mkongwe funika mabega na magoti, ni mji wa Waislamu na wenyeji wanalijali hilo. Viatu vya mpira vya majini, kuna urumbi, yule mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba, na mwiba wake ukiingia kisiginoni likizo imeisha. Machi hadi Mei ni masika, mvua kubwa. Juni hadi Septemba ni kipupwe, hewa nzuri, jioni mtandio mwepesi unatosha.

Binti Kampemba

Yaya, ulisema mkoba wa mkononi mara nyingi. Unaweka nini hasa? Mimi naweka urembo na chaja.

Yaya wa Kamalondo

Nitakwambia kwa nini nalisema sana. Safari yangu ya Brussels, Februari, nilisimama mbele ya ule mkanda wa mizigo hadi ukasimama. Valizi yangu haikuja. Ilikuja siku ya tatu jioni. Siku mbili na nusu niliishi na vilivyokuwa begani: triko, fulana ya ndani, chupi mbili, soksi, kikwembe changu, mswaki, pedi, dawa za presha, karatasi ya anwani ya mwenyeji na namba yake ya simu iliyoandikwa kwa kalamu, kwa sababu simu ilikuwa imezima. Kilichokosekana kilikuwa viatu vya pili tu. Mama niliyeketi naye kwenye ndege, valizi yake pia ilibaki, na dawa yake ya sukari ilikuwa ndani. Nilimwona akiongea na wahudumu huku mikono inatetemeka. Sitausahau uso wake.

Kwa hiyo, dada, hayo niliyotaja ndiyo ya mkononi. Ongeza benki ya umeme ya simu, hiyo hairuhusiwi kabisa kwenye valizi kubwa kwa sababu ya moto. Na kichwa cha plagi: Ubelgiji matundu yao yanapokea plagi zetu za pini mbili za mviringo, lakini Zambia, Kenya, Tanzania na Dubai ni pini tatu za bapa, na Afrika Kusini wana zao tatu nene za mviringo.

Piga pia picha ya valizi yako kabla ya kuikabidhi, nje na ndani. Funga utepe wa kikwembe kwenye mkono wake. Valizi nyeusi ziko mia, yenye utepe wako ni moja.

Mama Luano

Na vyakula? Binti yangu kule analilia nyama kavu.

Yaya wa Kamalondo

Nyama hapana, mama. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri anayetoka kwetu kuingiza nyama wala maziwa, hata kipande cha nyumbani, wanavichukua na unaweza kutozwa faini. Samaki wakavu wanaruhusiwa kwa kiasi cha matumizi yako. Sombe (majani ya muhogo) mbichi, au majani yoyote mabichi, yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Mpelekee ndakala na bitoyo, hao samaki wetu wakavu, wafungwe mara tatu, mbali na nguo. Atalia kwa furaha hivyohivyo.

Yaya wa Kamalondo (wiki tatu baadaye)

Naleta habari za jirani, kwa walioniuliza.

Jana tulikwenda soko la Kenya kupima valizi kwenye mizani ya mama muuza unga, ile ya kuning'iniza magunia. Tiketi yake inampa kilo 23. Mara ya kwanza ilisoma 26. Tukaifungua palepale juu ya gunia safi, watu wanapita. Tukatoa jinzi ya pili, chupa kubwa ya losheni, na jozi ya tatu ya visigino, hiyo aliitoa mwenyewe kabla sijasema. Mama wa unga akatushauri tuvingirishe triko badala ya kuzikunja, na soksi tuzijaze ndani ya viatu. Tukapima tena: 21 na nusu. Dada yake ameshathibitisha atakuja na koti na atasimama upande wa kulia wa mlango wa kutokea.

Usiku amenitumia picha. Amevaa viatu vyake vipya na soksi nene, ndani ya nyumba, joto la Desemba, anatembea sebuleni kuvizoeza.